Leo Barabara Ilikuwaje?

Nilitoka Tegeta asubuhi moja bila kumuaga mtu na bila kujua ninakokwenda. Nilikuwa nimefyatua matofali pale kwa miezi kadhaa, kwenye kiwanja cha nyumba ambayo mwenyewe sikuwahi kumwona, na asubuhi hiyo niliamka nikayatazama yale matofali yaliyopangwa juani, nikaona yanafanana mno. Sababu ni hiyo tu. Shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu za namna hiyohiyo. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na mali yangu yote iliingia kwenye kiroba kimoja nilichokifunga kwenye keria ya baiskeli. Nikashika barabara ya Bagamoyo kuelekea mjini, na kila nilipofika njia panda nilichagua upande nisioujua. Ni mtindo mbaya wa kuendesha maisha, lakini hadi leo sijapata mwingine. Kwa kuchagua hivyo nilijikuta, jua likiwa limeshakuwa kali, niko Mtoni, kwenye barabara ya Kilwa, nimeangukia kwenye shimo, na ringi yangu ya mbele imepinda kama mfuniko wa sufuria uliokaliwa na mtu mnene.

Nisingeukumbuka mwaka ule kwa undani huu kama si mwezi uliopita kupita tena Tegeta. Siku hizi ndevu zimeshakuwa nyeupe na vijana wananipisha kwenye benchi. Nilisimama kwenye mgahawa mmoja wa kando ya barabara kunywa chai, na meza ya pembeni walikaa waendesha baiskeli wa mwisho wa wiki, wenye nguo za kubana na viatu vinavyogonga sakafu. Baiskeli zao zilikuwa zile zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo na tairi nene za njia za vumbi. Wanaziita gravo. Walikuwa wanabishana kama inafaa kuziwekea shokapu kwenye uma wa mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu.

"Braza, shokapu kwenye gravo ni uzito tu," alisema mmoja. "Si ungenunua baiskeli ya mlimani utuache?"

"We hujapita njia ya Kimbiji ukarudi ukashindwa kushika kikombe."

"Punguza upepo kwenye tairi!"

"Upepo ukipungua, ringi inagonga jiwe."

"Zangu haziogopi jiwe," alisema wa tatu, mwanamume mwenye kipara, akachukua kijiko cha chai akaligonga gurudumu lake. Lilitoa mlio mwembamba, mrefu, usiotikisika. "Mnasikia? Hizi zimesukwa na mama mmoja Mtoni, Bi Nasra. Na ndiyo za mwisho hizi. Nasikia vidole vimekataa, hashiki tena funguo ya spoki."

Wakaendelea kubishana. Mmoja aliniona nimesimama na baiskeli yangu kuukuu, akaniuliza kwa heshima, "Mzee, we unasemaje, shokapu iwekwe isiwekwe?" Nilimwambia inategemea barabara, nikaondoka na chai yangu nusu kikombe. Tangu siku hiyo sijawahi kupita baiskeli ya mtu imeegeshwa bila kutaka kuigonga spoki nisikilize.

Mwaka ule, duka la baiskeli nililojikokotea pale Mtoni lilikuwa la Mzee Abeid, Mwarabu aliyezaliwa mtaa uleule, na baba yake kabla yake. Aliuza baiskeli za mitumba na vifaa vyake, na nyuma ya duka ndiyo nyumba yao. Kati ya duka na uani palikuwa na mlango usio na ubao, umewekwa pazia la maua mekundu yaliyofifia kwa jua. Mzee aliliinua gurudumu langu akalizungusha mbele ya uso.

"Umepita juu ya nini, tembo?"

"Shimo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Shikamoo yako imechelewa kama breki zako." Akageukia pazia. "Rukia! Pokea."

Mkono wa mwanamke mtu mzima ukatokea, ukalichukua gurudumu. Nikasikia likizungushwa ndani, kisha sauti nyingine, ya mwanamke kijana kidogo, ikasema: "Mama, muulize mwenye ringi ametoka wapi."

"Tegeta," nikajibu mwenyewe.

"Hukuulizwa wewe," alisema Bi Rukia kutoka kwenye pazia. "Umeulizwa kupitia kwangu. Haya, ametoka Tegeta."

"Mwambie anapenda kuegemea kushoto. Upande huu spoki zote zimechoka."

Nilikaa pale hadi alasiri, na gurudumu liliporudi lilikuwa limenyooka kuliko siku niliyoipata baiskeli. Nilimuuliza Mzee Abeid maswali mengi, kwamba spoki zinakazwa kwa kipimo gani, kwa nini zinapishana, chuma hiki kinatoka wapi, mpaka akasema afadhali nifanye kazi kuliko kuuliza. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Baadaye nilielewa kwamba nilikuta pengo. Mkwewe, Fuadi, ndiye aliyekuwa mikono ya duka, na alikuwa ameugua kwa muda mfupi tu akafariki. Nasra, binti yao na mjane wa Fuadi, alikuwa ndani ya eda. Kwa miezi minne na siku zake angekaa uani bila manukato wala mapambo, bila kutoka barabarani, bila kuonana na mwanamume anayeweza kumwoa. Lakini tangu utotoni alikuwa amejifunza kusuka ringi kwa baba yake, na eda haikuzuia mtu kufanya kazi. Kwa hiyo magurudumu yaliingia yamepinda na kutoka yamenyooka, na Bi Rukia alikaa kwenye kigoda katikati ya pazia, nusu mwili dukani, nusu uani, akichambua mchele na kupokea mizigo ya pande zote mbili, pamoja na maneno.

Nilipewa stoo ya kulala. Ilikuwa na dirisha moja dogo, na darini zilining'inia ringi tupu ambazo upepo ukiingia ziligusana taratibu. Palinuka mpira na gundi ya viraka. Ukuta wa nyuma ndio uliokuwa ukuta wa uani, na kupitia kwake niliisikia kazi ya Nasra siku nzima. Alikuwa na kifaa alichojitengenezea, uma mkuukuu uliogeuzwa juu chini na kusimikwa kwenye ndoo ya saruji. Aliliweka gurudumu humo, akalizungusha, akaigonga spoki moja, akakaza, akaigonga tena. Kila iliyokaa sawa ililia sawa na jirani yake. Nililala na kuamka ndani ya sauti hiyo, na bila kupanga nikaanza kutamani kitu ambacho sikuwahi kukitamani popote pale, yaani kubaki. Nilipaka ile stoo chokaa. Nikapigilia msumari ukutani wa kutundikia shati. Katika vyumba vyote nilivyowahi kulala sikuwa nimepigilia hata msumari mmoja.

Kazi yangu kubwa ikawa kupeleka vifaa kwa wateja wa upande wa Kigamboni, hasa Kimbiji, ambako barabara iliua baiskeli na kumfurahisha Mzee Abeid. Nilijiundia chombo cha safari hiyo kutoka kwenye mitumba: fremu nyepesi ya mbio, usukani wa pembe za kondoo, tairi nene kadiri fremu ilivyokubali. Wakati ule haikuwa na jina. Sisi dukani tuliiita baiskeli ya vumbi. Siku ya kwanza nilirudi jioni, nikanawa, nikawekewa sahani kwenye kizingiti, wali wa nazi na mchuzi wa papa, na sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Mama, muulize leo barabara ilikuwaje."

"Mbaya," nikasema.

"Mbaya si jibu. Mbaya vipi?"

Sikuwahi kuulizwa. Lakini kesho yake nilikwenda nikiwa macho, na niliporudi nilimwambia kwamba kutoka Kongowe mpaka Kibada barabara imekunjamana kama bati, na kwamba ukienda polepole inakutikisa meno, ila ukiongeza mwendo unafika mahali tairi inapaa juu ya mikunjo na mtikisiko unageuka mwasho tu wa viganja. Nikamwambia kuna kipande chenye kokoto za mviringo zinazobingirika kama maharage makavu. Nikamwambia karibu na Kimbiji mchanga unaanza bila taarifa, usukani unalegea mkononi, na dawa yake ni kuuachia usukani ujiamulie. Nyuma ya pazia spoki ilikuwa imenyamaza.

"Maharage makubwa au madogo?" aliuliza.

"Makubwa. Yale mekundu."

"Aa. Basi tairi inayavuka, haizami." Na spoki ikaanza tena.

Ikawa desturi. Sikumwona hata ukucha, ila kila niliporudi kutoka Kimbiji nilimletea njia nzima. Bi Rukia alikuwa akichambua mchele wake, na tukifika kwenye mashimo anajishika kiuno. "Mie mgongo unaniuma kwa kusikiliza tu. Nyie hamna mazungumzo mengine? Watu wanazungumzia bei ya sukari." Lakini siku nikiruka kipande ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Na pale kwenye daraja bovu je? Au leo hukupita?" Nimekula katika nyumba nyingi tangu wakati ule, kwa watu wema, chakula kizuri. Hakuna meza hata moja nilipoulizwa swali lile.

Kisha likaja kontena la mitumba, na ndani yake uma mmoja wa shokapu. Ulikuwa mweusi, mzito. Ukiubonyeza unazama na kupanda kama kifua cha mtu aliyelala. Nilimwomba Mzee Abeid, akasema niuchukue nikaujaribu, maana mteja akitaka shokapu lazima aliyeko dukani ajue anachouza. Nasra alisikia nikiufunga.

"Unaweka nini huko?"

"Shokapu, dada."

"Kwenye hiyo fremu? Itainua pua. Fremu haikuchorwa kwa uma mrefu hivyo, kona zitakuwa nzito. Na ukifunga breki itapiga magoti."

"Lakini mzigo utatulia."

"Mzigo uko nyuma, Sefu. Shokapu iko mbele. Unamhurumia nani, mzigo au mkono?"

"Mkono."

"Basi sema mkono. Mkono una haki yake. Usiusingizie mzigo."

"Hebu mwache," alisema Bi Rukia. "Angekuwa mumeo ungemsema hivyo?" Halafu akakumbuka kwamba kuna maneno hayasemwi kipindi kile, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga, na pande zote mbili za pazia tukawa bize ghafla.

Nitasema kweli juu ya shokapu ile, kwa sababu wale wa Tegeta waliniuliza na sikuwajibu sawasawa. Ilikuwa raha. Nilipita juu ya bati la Kongowe kama niko juu ya godoro. Mashimo niliyokuwa nikiyazunguka niliyaingia makusudi, kwa furaha tu. Kweli kona zilikuwa nzito, kweli ilipiga magoti kwenye breki, na mchanga wa Kimbiji uliingia kwenye maungio ukaanza kusaga, lakini nilifika na viganja vya mtu aliyetoka kuoga. Mtu mwenye mikono mibovu, au anayeshuka milima, ningemwambia aiweke na asisikilize maneno ya watu. Nilirudi nikitabasamu. Siku hiyo palikuwa na mkate wa mofa na mchuzi wa mbuzi.

"Leo barabara ilikuwaje?"

"Nzuri."

"Nzuri vipi?"

Nilijaribu kuikumbuka kuanzia Kongowe, nikakuta sina kitu. Kulikuwa na miti, kulikuwa na jua, nilikwenda nikafika. "Sikuisikia sana," nikasema.

"Aa," alisema Nasra.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Rukia. "Leo mgongo wangu umepumzika." Lakini alilisema bila furaha, na tukala kila mtu na sahani yake. Safari ya pili ikawa hivyohivyo, na ya tatu. Swali liliulizwa bado, kwa adabu, kama mtu anavyomuuliza mgeni habari za nyumbani. Baada ya ile ya tatu niliifungua shokapu, nikarudisha uma wangu mkavu.

Mzee Abeid alicheka mpaka akaketi. "Watu wanaililia shokapu, we unaitoa! Hata mwezi haujaisha. Imekukosea nini?"

"Kona, mzee. Kona zimekuwa nzito."

Jioni iliyofuata nilieleza barabara kwa urefu nisiowahi kuufikia, mpaka kwenye mizizi inayochungulia chini ya vumbi, na viganja vyangu vilikuwa bado vinawaka nilipokuwa nikivitumia kuonyesha, ingawa aliyeonyeshwa hakuweza kuviona. Nilipomaliza Nasra akasema, "Umerudi." Bi Rukia alinitazama mimi, akatazama pazia, akachukua ungo wake akahamia mbali kidogo, si mbali sana.

Wakati huo Nasra alikuwa anasuka jozi moja ya ringi kwa uangalifu wa kupita kiasi. Aliifungua na kuisuka upya zaidi ya mara moja, kufuatana na nilivyomletea habari: pakiwa na kokoto zaidi alikaza, pakiwa na bati zaidi alilegeza kidogo. Mama yake alimuuliza ni za nani. "Za mteja," alisema. Niliamini. Hata nilimwonea wivu mteja huyo.

Eda ilipokwisha, nyumba ilijaa wanawake. Alikogeshwa, akavishwa nguo mpya, na harufu ya udi ilipita chini ya pazia ikaenea dukani mpaka kwenye mafuta ya cheni. Mimi nilikula pilau na Mzee Abeid nje, kwenye baraza, tukiwasikia wakicheka ndani. Asubuhi ya pili yake, kabla hatujamaliza kufungua milango, pazia likasogezwa na gurudumu likatangulia, la ile jozi ya mteja. Nyuma yake baiskeli nzima, ya vumbi, yenye uma mkavu, na nyuma ya baiskeli Nasra mwenyewe, baibui limefungwa kiunoni kwa kanga, suruali chini yake, raba miguuni. Alikuwa mwembamba, ana mstari kati ya nyusi kama mtu anayesoma maandishi madogo. Alinitazama kuanzia juu kwenda chini, na safari haikuwa ndefu.

"Sefu?"

"Naam, dada."

"Kumbe mfupi hivyo! Sauti yako ilikuwa ndefu."

"Huyu anakwenda Kimbiji," Mzee Abeid aliniambia, kama anayetangaza habari za hali ya hewa. "Nimeshindwa. Nimekodi bajaji, sie tutamfuata nyuma. Chai iko kwenye chupa."

"Mjane wa juzi juu ya baiskeli!" Bi Rukia alikuwa ameshakaa ndani ya bajaji, amejifunika mpaka macho. "Watu watasemaje?"

"Watasema, shikamoo Bi Rukia, mbona umevaa bajaji?" alijibu Mzee Abeid.

Nilikuwa nimeshashika baiskeli yangu. Nilisema nitatangulia kumwonyesha njia, hasa pale kwenye mchanga. Nasra alitikisa kichwa, si kwa ukali.

"Njia naijua. Si umenisimulia? Nimeisikia kwa mikono yako muda wote huu, acha leo niisikie kwa yangu. Duka litabaki na nani?"

Nilibaki na duka. Aliyumba mita chache za mwanzo, akatulia, akaingia barabara ya Kilwa na ile bajaji ikimfuata kama kuku nyuma ya kifaranga. Siku hiyo niliuza cheni moja na kuziba tairi za watu, na kila saa nilijua yuko wapi: sasa yuko kwenye bati, sasa kwenye maharage, sasa mchanga umemnyang'anya usukani. Walirudi alasiri. Alikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kope, na mikono ilimtetemeka, hata mama yake ndiye aliyemshikia kikombe, huku akilalamika kwamba bajaji ile haina shokapu hata ya dawa.

"Barabara ilikuwaje?" nilimuuliza.

Aliviangalia viganja vyake, akacheka. "Umeisahau harufu."

"Harufu gani?"

"Ya maganda ya korosho yakichomwa. Ukishapita Kibada, inakushika puani kilomita nzima. Hukuniambia hata mara moja."

Nilikuwa nimepita ndani ya harufu ile mara zisizo na idadi. Akakaa kwenye kigoda cha mama yake, akatusimulia barabara mwanzo mpaka mwisho, nami nikasikiliza kama mtu asiyewahi kufika huko.

Baada ya hapo pazia lilifungwa pembeni kwa kamba, na Nasra akawa anafanya kazi dukani mchana kweupe. Mtu angedhani sasa ndiyo tungezungumza. Ikawa kinyume chake. Tulikuwa tunapishana mbele ya kabati la vifaa, samahani dada, haya kaka, na macho hayakujua pa kukaa. Akiuliza barabara nilimjibu kwa kifupi, maana uso wake ulikuwa pale na mimi nilikuwa nimezoea maua mekundu. Miezi ikaenda hivyo. Mwishoni nilijikaza, nikamwambia Mzee Abeid nina jambo nataka kuzungumza naye. Alitabasamu. "Ijumaa, baada ya swala."

Alhamisi mchana nilijilaza stoo, joto likiwa limefunga duka, na kupitia ukuta nikawasikia watatu wakinywa kahawa uani.

"Mie sina neno," alisema Mzee Abeid. "Anafanya kazi, anaswali, mkono wake si mwepesi. Mwenye neno ni Nasra."

Spoki ililia, ikakazwa, ikalia tena.

"Nilimjua kwa namna anavyoisimulia njia," alisema Nasra. "Hakuna mtu aliyewahi kuniletea kitu kama kile. Ndiyo maana naogopa, baba. Mtu anayeipenda njia hivyo hakai. Mwaka huu Kimbiji, mwakani Lindi. Nimeshamngoja mmoja ambaye harudi. Sitaweza kumngoja mwingine ambaye labda atarudi."

"Kwani kasema ataondoka?" aliuliza Bi Rukia, na nilimpenda kwa swali lile.

"Hajasema atakaa. Muulizeni kesho. Mie nitakuwa hapa, nitaisikia sauti."

Kwa hiyo nilikuwa na usiku mzima wa kujiandaa, na neno lenyewe lilikuwa moja. Nililitamka peke yangu, nikiutazama msumari wangu. Ijumaa tulikaa barazani, mimi na Mzee Abeid, na pazia nyuma yetu lilikuwa limeshushwa kwa mara ya kwanza tangu eda iishe. Aliuliza habari za afya, za kazi. Kisha akasema, "Sefu, mwanangu, utakaa?"

Nilianza vizuri. Nilimwambia nimepaka stoo chokaa. Nikamwambia nimefikiria biashara, kwamba wateja wa Kimbiji wanaongezeka, na kwamba baada ya Kimbiji barabara inaendelea kusini, vijiji kwa vijiji, mahali ambapo hakuna fundi hata mmoja, na nimesikia kuna kipande cha udongo mwekundu ambacho kikikauka kinang'aa kama sakafu iliyopigwa nta, na mtu akikipita asubuhi umande haujatoka, tairi hailii kabisa, na baada yake kuna mto, na ng'ambo ya mto hakuna aliyeweza kuniambia kuna nini. Nilikuwa nimesogea mbele kwenye benchi. Mikono yangu ilikuwa juu, ikionyesha. Nyuma ya pazia sauti ya spoki ilikoma, na hapo ndipo nami nilipojisikia.

Mzee Abeid hakunikatisha. Alingoja mpaka mikono yangu ikashuka. "Ni njia nzuri," alisema taratibu, na akanipiga bega.

Neno lile sikulisema. Ningeweza kulisema wakati ule, bado nafasi ilikuwepo. Miaka yote hii nimelirudia nikiwa kwenye tandiko la baiskeli, kwenye bati, kwenye kokoto, na kila mara nalisema vizuri.

Niliondoka Jumamosi asubuhi. Bi Rukia alikuwa kwenye kigoda chake, lakini ungo haukuwa na mchele. Alilipokea gurudumu moja la ile jozi kutoka nyuma ya pazia akanikabidhi, macho yake mekundu. "Amesema funga hili mbele," alisema. "Amesema uma mkavu, usije ukaweka shokapu." Nikalifunga palepale. Nilitaka kusema kitu kupitia kwake, kama zamani, nikaishia kusema, "Mwambie nimeshukuru." Naye akageuza uso akasema, "Anasema amesikia," ingawa hakuna aliyekuwa amesema kitu.

Nilipita Kongowe, nikapita Kibada, na safari hiyo harufu ya korosho ilinikamata puani nikaibeba kilomita nzima. Kimbiji sikusimama. Baada ya nyumba ya mteja wangu wa mwisho njia iliingia kwenye vichaka, ikawa nyembamba, na nilikuta udongo mwekundu kweli, na kweli ulikuwa unang'aa. Niliusikia wote, hadi kwenye viwiko. Gurudumu lake lilikuwa linaimba chini yangu na sikuwa na wa kumrudishia habari. Jua lilipoanza kulegea nilifika kwenye kijiji kimoja, nikafukuzwa na mtoto wa mbuzi, na nyuma yake akaja mwenye mbuzi, mama mmoja mpika maandazi, aliyekuwa na chumba cha uani kinachokaa bure. Kilikuwa na kitanda cha kamba na dirisha lililoziba kwa mabua. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni, akaitazama baiskeli, akakitazama kiroba, akanitazama mimi.

"Unapita tu, au utakaa?"

"Nitakaa," nikamwambia. Lilitoka kirahisi, bila kukwama popote.

"Haya," alisema. "Msumari wa shati uko nyuma ya mlango. Aliyekuwapo kabla yako aliuacha."